Dawa ya chunusi uliyoandikiwa imekubabua uso? Ianze upya hivi

Swali linalonijia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi wa sekondari ni moja: daktari ameniandikia dawa ya chunusi, nimepaka siku chache tu, uso umebabuka, nifanyeje? Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. Tyubu imetupwa chini ya kitanda, na hukumu imeshatoka: "ngozi yangu imekataa dawa."

Mara nyingi ngozi haijakataa dawa. Imepewa nyingi mno, haraka mno, juu ya uso uliokuwa umeshachoshwa na sabuni kali, limau na krimu za kila aina. Mwongozo huu ni wa kuanza upya taratibu, kwa kijana ambaye ngozi yake huchokozeka upesi. Mzazi naye ausome, maana ndiye atakayenunua vitu, na ndiye atakayeulizwa na majirani mtoto amepatwa na nini usoni.

## Kwanza soma jina kwenye tyubu

Usipake kitu ambacho hujui ni nini. Dawa za kupaka ambazo daktari huandika kwa chunusi ni hizi hasa.

Retinoidi. Hapa kuna adapalini (kwa kawaida asilimia 0.1) na tretinoini (asilimia 0.025, 0.05 au 0.1). Ndizo zinazobabua watu wengi, na ndizo ninazozungumzia hasa hapa. Hufanya seli zinazoziba vinyweleo zitoke kwa mpangilio, chunusi isianze kujengeka. Shida ni kwamba kazi hiyohiyo hulegeza ngozi ya juu ya uso mzima kwa wiki za mwanzo. Ngozi hupoteza unyevu, uso unabana na kutoa magamba. Ngozi huzoea, lakini lazima ipewe muda wa kuzoea.

Benzoili peroksaidi. Huua bakteria wa chunusi. Ipo ya asilimia 2.5, 5 na 10. Mwenye ngozi nyepesi, yaani inayochokozeka upesi, aombe ya 2.5, kwa sababu nguvu yake juu ya chunusi inakaribiana na ya 10 ila maumivu ni machache.

Klindamaisini asilimia 1. Ni antibaiotiki. Haifai kupakwa peke yake kwa miezi, bakteria wataizoea. Kama umeandikiwa hiyo tu, muulize daktari kama kuna ya kuambatana nayo.

Asidi ya azelaiki, asilimia 15 au 20. Ni ya upole zaidi na husaidia madoa meusi.

Ukiona betamethasoni au klobetasoli kwenye tyubu, simama hapo. Hizo ni steroidi, si dawa za chunusi. Siku za mwanzo uso hung'aa na chunusi hunywea, kila mtu anakusifu. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo, na ukiacha tu uso unawaka. Mikorogo mingi inayouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo imetiwa dawa hizi. Kama umepaka kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Nenda kwa daktari akushushe kidogo kidogo.

Na kwa msichana: kama ujauzito upo au unawezekana, usipake retinoidi. Mwambie daktari au nesi. Hulazimiki kumweleza mtu mwingine yeyote sababu. Asidi ya azelaiki ni mojawapo ya dawa ambazo anaweza kukubadilishia.

## Vitu vya kuandaa

- Sabuni laini ya uso, isiyo na manukato wala chembe za kusugulia. Sabuni ya mche na ile ya kipande ya kuogea ni kali kwa uso huu. Kama hela haitoshi, tumia sabuni mara moja tu kwa siku, jioni, na kidogo. Asubuhi maji matupu yanatosha.
- Losheni au krimu ya kulainisha isiyo na manukato, yenye gliserini.
- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo dogo.
- Losheni ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi.
- Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli au mtandio.
- Taulo ndogo ya uso ambayo ni yako peke yako, na foronya ya zamani.
- Daftari dogo, au simu ya nyumbani ya kupigia picha.

Kuna na vya kuweka kando. Limau na ndimu, kwa sababu maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi za miezi. Dawa ya meno. Skrabu na dodoki. Maji ya kusafishia uso yenye spiriti. Mafuta ya nazi nayo yabaki kwa nywele na mwili, kwani usoni huziba vinyweleo vya watu wengi wenye chunusi. Hata huko kwenye nywele yasishuke kwenye paji. Ukiona chunusi ndogo zimejipanga chini ya mstari wa nywele, anza kuchunguza mafuta unayopaka kichwani.

## Hatua ya 1: Ipumzishe ngozi wiki moja hadi mbili

Acha dawa zote za chunusi za kupaka kwa muda, isipokuwa kama daktari amekataza kuacha. Nawa usoni asubuhi na jioni kwa vidole, bila kusugua. Paka losheni ya kulainisha wakati uso bado una unyevu. Ngozi iliyochubuka haiwezi kuhimili retinoidi hata tone.

Watu hawapendi hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza wakati na chunusi zipo palepale. Ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Ukiiruka, utarudi mwanzo ndani ya siku tano.

*Umefaulu ukiona:* maji ya kunawa hayachonyoti, pembe za mdomo hazina nyufa, na losheni ukiipaka hausikii moto. Kama wiki mbili zimepita na uso bado unawasha, una mabaka makavu, au mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti nayo inawasha, huenda una pumu ya ngozi. Onana na daktari kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 2: Ijaribu chini ya sikio

Chukua dawa kidogo, ipake chini ya sikio pembeni mwa taya, eneo la ukubwa wa sarafu. Fanya hivyo usiku tatu mfululizo.

Kuwasha kidogo ni kawaida. Pakivimba, pakitoka malengelenge au pakiwasha hadi ukose usingizi, osha na usiipeleke usoni. Hiyo inaweza kuwa aleji, na aleji haipungui kwa kupaka taratibu.

## Hatua ya 3: Usiku wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo fuata mpangilio huu kama ulivyo.

Nawa uso, kisha kausha kwa kugusisha taulo, si kufuta. Subiri dakika 20 hadi 30. Ngozi yenye maji hufyonza dawa kwa kasi na ndiyo inayoungua. Kwa aliye bweni, nawa unapotoka prepo, panga madaftari, kunja nguo za kesho, halafu ndipo upake.

Paka mafuta ya mgando, utando mwembamba, kwenye pembe za mdomo, pembeni mwa pua na pembe za macho. Dawa hupenda kutiririka na kujikusanya kwenye mikunjo hiyo.

Paka losheni ya kulainisha uso mzima. Iache dakika chache ikauke.

Sasa dawa. Minya kiasi cha punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole. Hiyo ni ya uso mzima. Najua inaonekana haitoshi, na mkono utataka kuongeza. Usiongeze. Kwa kidole kingine gusa hapo na uweke vidoa: kimoja paji la uso, kimoja kila shavu, kimoja kidevuni. Kinachobaki kwenye kidole ndicho cha pua. Sambaza kila kidoa kwa mwendo mwepesi kutoka katikati kwenda nje, hadi usiione tena. Macho, midomo na matundu ya pua havipakwi.

Usichague vipele vinavyoonekana tu. Kipele unachokiona leo kilianza kujengeka wiki nyingi nyuma. Dawa hii inakwenda kuzuia vile ambavyo havijatokeza, na hivyo viko uso mzima.

Malizia kwa kupaka losheni tena juu. Osha mikono.

Mwenye ngozi nyepesi sana ana njia nyingine: apake dawa, aiache dakika 30, aioshe kwa maji, kisha apake losheni. Baada ya wiki mbili aongeze hadi saa moja, halafu saa mbili, mpaka aweze kulala nayo.

Kuhusu kiasi, tyubu yenyewe itakuambia ukweli. Ya gramu 30, kwa punje moja kila usiku, inakaa miezi miwili au zaidi. Ikiisha ndani ya wiki tatu, unapaka nyingi mno. Iweke mahali pa baridi, mbali na jua. Si dirishani wala ndani ya begi linaloanikwa juani.

*Umefaulu ukiona:* asubuhi uso umebana kidogo tu, basi. Ukiamka na hujahisi chochote, huo nao ni mwanzo mzuri. Kuungua si dalili kwamba dawa inafanya kazi.

## Hatua ya 4: Panda ngazi kwa wiki, si kwa siku

- Wiki ya 1 na 2: usiku wa Jumatatu na Alhamisi tu.
- Wiki ya 3 na 4: usiku tatu kwa wiki, usifululize.
- Wiki ya 5 na 6: usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana.
- Kuanzia wiki ya 7: kila usiku, kama ngozi imekubali.

Usiku usio wa dawa, nawa na upake losheni tu. Ukisahau usiku mmoja, usiufidie kwa kupaka mara mbili. Na usipande ngazi wakati uso bado unatoa magamba. Rudia wiki uliyopo.

Si lazima kila mtu afike kila usiku. Wapo wanaopata nafuu nzuri kwa usiku tatu au nne kwa wiki, hasa maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya na Arusha, ambako mwezi wa 6 na wa 7 hewa hukausha uso bila msaada wa dawa yoyote.

Kama umeandikiwa pia benzoili peroksaidi, muulize daktari kama unaweza kusubiri hadi retinoidi izoeleke ndipo uianze. Ukiianza, ipake asubuhi, siku chache kwa wiki. Usiichanganye na tretinoini kwa wakati mmoja, kwani inaweza kuiharibu. Adapalini haina shida hiyo, ingawa mbili pamoja huchokoza ngozi zaidi. Na angalia nguo: hupausha rangi kabisa. Kola ya sare, hijabu, kanga ya mama, taulo ya shule, vyote hubaki na mabaka yasiyofulika.

## Hatua ya 5: Asubuhi kinga jua, hata kama una ngozi nyeusi

Nimesikia mara nyingi kwamba sisi hatuhitaji. Kweli melanini, rangi ya asili ya ngozi, inatukinga tusiungue upesi, lakini kinachotutesa sisi ni madoa. Kila chunusi na kila mchubuko ukipona huacha alama nyeusi, na jua ndilo linaloikoleza. Ukiwa kwenye retinoidi ngozi inakuwa nyepesi zaidi kwa jua, na kusimama mstarini juani kunaweza kurudisha nyuma kazi uliyokwisha kufanya.

Minya losheni ya jua mistari miwili, kila mmoja urefu wa kidole, kwa uso na shingo. Losheni nyingi huacha rangi ya kijivu usoni, na kijana hataki kwenda hivyo darasani. Tafuta ya jeli au iliyotiwa rangi ya kahawia. Ukikosa, kofia na mtandio vifanye kazi yote, na ukae kivulini kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kadiri ratiba inavyoruhusu.

## Hatua ya 6: Wiki zinazokatisha tamaa

Kati ya wiki ya 2 na ya 6, baadhi huona chunusi zimeongezeka. Vilivyokuwa vimejificha chini vinatoka kwa pamoja. Hapa ndipo simu za machozi zinapoanza, na naelewa kabisa, maana umeteseka, umelipa, umevumilia, na kioo kinakuonyesha uso mbaya kuliko mwanzo.

Kabla ya kuamua lolote, tofautisha mambo. Vya kawaida ni vipele vidogo sehemu zilezile zinazotokaga, magamba mepesi kuzunguka mdomo na pua, na kubana baada ya kunawa. Vya kukufanya upunguze ni maji matupu kuchonyota, moto unaoendelea muda mrefu baada ya kupaka, ngozi inayong'aa huku imekakamaa, nyufa, au vipele sehemu ambazo hujawahi kuwa navyo. Usingoje wekundu unaoandikwa kwenye maelekezo ya dawa. Kwenye ngozi nyeusi mchokozo huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu.

Ukiona hivyo, acha dawa usiku tatu hadi tano, paka losheni mara nyingi, kisha rudi ngazi moja chini ya ile uliyokuwa. Huko siko kushindwa. Kulazimisha ndiko kunakoleta madoa, na doa moja la kubabuka linaweza kukaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe.

Magamba usiyavute kwa kucha. Chunusi usiminye. Nyusi usitinde kwa wax ukiwa unapaka dawa hii, itaondoka na ngozi. Tumia uzi au kibano. Vijana wa kiume wanaoanza kunyoa ndevu wanyoe asubuhi, uelekeo nywele zinakolalia, na usiku huo wasipake dawa.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukivimba macho au midomo, ukitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, ukipata malengelenge au majimaji ya njano. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata dakika.

### "Wenzangu watanicheka"

Wasiwasi huu ni wa kweli na unastahili mpango. Anza dawa wiki ya kwanza ya likizo ya Juni au Desemba, ili siku za magamba zikukute nyumbani. Ukirudi bweni, mzazi amwandikie matroni barua fupi: mtoto anatumia dawa ya ngozi kwa cheti, aruhusiwe kofia juani na losheni zake zisichukuliwe.

Na kama chunusi zimekufanya ukwepe picha, ukwepe kusimama mbele ya darasa, usile na wenzako, au uwe na mawazo ya kutotaka kuishi, mdogo wangu, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, siyo wiki ya 12. Hilo linatibiwa pia, na halingoji ngozi ipone.

## Hatua ya 7: Pima wiki ya 12

Piga picha siku ya kwanza na kila wiki, dirisha lilelile, saa ileile. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko.

Kufikia wiki ya 8 unatarajia vipele vipya vipungue. Wiki ya 12 ndiyo ya kuamua kama dawa inafaa. Hesabu vipele vipya, si madoa. Madoa hufifia kwa miezi, na ngozi yenye madoa lakini isiyotoa chunusi mpya inaendelea vizuri.

Ukiwa na uvimbe wa ndani unaouma, au mashimo yanaanza kubaki, usingoje hata wiki hizo 12. Dawa ya kupaka peke yake huenda isitoshe. Daktari anaweza kuongeza doksisaiklini, antibaiotiki ya kumeza. Inywe na chakula na glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa, la sivyo itakuchoma kooni. Nayo huongeza kuungua na jua.

Isotretinoini ya vidonge ni hatua nzito zaidi. Inafanya kazi kweli kwa chunusi kali, lakini huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, huhitaji vipimo vya damu vya ini na mafuta, hukausha midomo na pua, na hailiwi pamoja na doksisaiklini wala vidonge vya vitamini A. Usinunue kwa rafiki wala kwa muuzaji wa mtandaoni.

Uso ukitulia, usiache dawa siku hiyo. Endelea usiku mbili au tatu kwa wiki kwa muda ambao daktari atasema, kwa sababu vinyweleo vitaanza kuziba tena.

## Siku ya kurudi kwa daktari

Daktari wa ngozi hayuko kila wilaya, lakini maafisa tabibu waliosomea ngozi wapo katika hospitali nyingi za mikoa. Wengi wamepitia kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Uliza mapokezi kliniki ya ngozi ni siku gani.

Beba tyubu zote, hata mkorogo uliouficha. Beba picha na daftari lako la usiku ulizopaka. Mwambie wazi: "Nimefika usiku mbili kwa wiki, nikiongeza wa tatu naungua." Kwa sentensi hiyo anaweza kukushusha kutoka tretinoini ya 0.05 hadi 0.025, kukutoa kwenye jeli akupe krimu, ambayo kwa kawaida haikaushi sana, au kukuhamishia adapalini au asidi ya azelaiki. Ukisema tu "dawa imenikataa", atalazimika kubahatisha.